Likasi ya Mama, Wakati Wiki Iliitwa Posho

Umeme ukikatika hapa Kambove, mama yangu anarudi Likasi. Hapandi gari. Anavuta kiti karibu na mbabula, anaweka maji ya chai, na kabla maji hayajachemka yeye ameshafika Panda, mwaka ni 1978, ana miaka kumi, na sireni ya kiwanda inalia.

"Weye hauyaona Likasi," ananiambia kila mara. "Ile weye unaona ni mabaki."

Ndugu zangu wa chama, najua wengi wenu mna mzazi wa namna hii. Kama si Likasi, ni Kolwezi ya zamani, ni Lubumbashi ya zamani, ni Bukavu ama Kisangani ya zamani. Tumekomaa tukiambiwa kwamba tulifika kwenye sherehe wakati watu wanaosha vyombo. Mimi nilizaliwa 1996, Zaire imebakiza mwaka mmoja tu wa kuishi. Nawaambia ukweli, kwa muda mrefu masimulizi hayo yalikuwa yananiudhi. Unaandika barua za kuomba kazi, unatembea na bahasha chini ya jua, halafu jioni unaambiwa jinsi watoto walivyokuwa wanapewa maziwa bule.

Kilichonifanya nianze kusikiliza vizuri ni machozi. Siku niliyomwambia mama kwamba nimechagua agronomia, alilia. "Minakusomesha miaka yote ile, juu ya weye ushike jembe?" Hakuwa anatania. Kwa siku mbili hakunisemesha vizuri, na jirani mmoja alikuja kumpa pole kama vile kuna kilio nyumbani. Nilikasirika, nikaenda chuo, nikamaliza. Lakini swali lilibaki. Mwanamke huyu anakula bukari kila siku ya Mungu. Kwa nini anaona haya mtoto wake akijifunza namna mahindi yanavyoota?

Jibu nililipata mle mle mu Likasi yake. Ilibidi tu nirudi nyuma kuliko yeye anavyorudi.

Kwanza niwape Likasi yenyewe, jinsi anavyoisimulia. Kampi ya Panda: nyumba zimepangwa mistari, zote sawa, ukilewa unaweza kuingia kwa jirani ukadhani ni kwako (na mama anasema ilitokea, tena si mara moja). Sireni inaamsha watu, sireni inapeleka baba kazini, sireni inarudisha baba. Hakuna mtu mwenye haja ya saa. Mtoto akikohoa anapelekwa dispansari, anapewa dawa, hakuna anayeuliza falanga. Shule iko karibu, dawati ni la watu wawili, madaftari yanatolewa. Jumamosi wanasafisha kiwanja maana kuna mtu anapita kukagua. Jumapili, misa, kisha mpira. Ukipanda juu mjini unakuta jakaranda zimemwaga maua barabarani mwezi wa kumi, na ukishuka soko la Kikula unakuta bitoyo, sombe, munkoyo wa baridi, na muziki unatoka kila mlango.

Nkambo, yaani baba yake mama, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Yeye hakuhesabu siku kwa wiki. Alihesabu kwa posho. "Posho mbili" ilikuwa wiki mbili. Sisi tuliozaliwa nyuma bado tunasikia wazee wakisema hivyo bila kufikiri, na ndugu zetu wanaosema Lingala wanaita wiki *poso* hadi leo. Neno lilitoka wapi? Posho ni chakula alichokuwa anapewa mfanyakazi kila wiki: unga, maharage, karanga, mafuta, chumvi, na nyama ama samaki. Kampuni iligawa chakula kwa wiki, na wiki yenyewe ikachukua jina la chakula. Nilipoelewa jambo hili nilikaa kimya kidogo. Watu waligawa muda wao kwa kipimo cha mwajiri, na lugha yetu ikalitunza jambo hilo hata baada ya mwajiri kuondoka.

Sasa turudi nyuma. Sitakaa sana hapa maana mengi mliyasoma shuleni. Kabla ya mzungu yeyote, Basanga walikuwa wanachimba malakiti mu vilima hivi vyetu, wanaiyeyusha, wanamimina misalaba ya shaba iliyotumika kama mali mbali sana na hapa. Walijua mahali pa kuchimba. Mimi kama mtu wa mimea napenda kuwaonyesha wageni vilima vya shaba: miti inaogopa pale, panabaki nyasi na maua madogo madogo yanayovumilia sumu ya shaba kwenye udongo. Mojawapo linaitwa kisayansi *Haumaniastrum katangense*. Linapenda hata mahali palipokuwa tanuru za zamani. Vilima vyenye upara vilikuwa alama kwa wenyeji, na vikawa alama kwa wazungu waliokuja kutafuta madini.

M'siri aliuawa Desemba 1891. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipita Katanga akiandika habari ya mawe. Mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa. Reli ikatoka kusini, ikafika Elisabethville 1910, na 1913 ikafika hapa Kambove. Ndiyo, hapa kwetu, penye hii barabara ya vumbi ambayo mnaipita bila kufunga breki. Kambove ilikuwa mgodi mkubwa wakati Likasi bado haijawa mji. Baadaye mji ukakua kule, kilometa kama 25 kutoka hapa, wakauita Jadotville kwa jina la Jean Jadot, mkubwa wa kampuni. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kikaanza kusafisha shaba kwa umeme. Jina la Likasi lilirudi 1966.

Mgodi unataka watu, na watu hawakuwa wa kutosha karibu. Mwanzoni kampuni ilichukua vijana kwa miezi michache, wengine kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Walikuwa wanaugua, wanakufa, wanatoroka. Mwisho wa miaka ya 1920 wakubwa wakabadilisha hesabu: afadhali mfanyakazi akae miaka mingi, aoe, aishi kampini na mke na watoto, na watoto wenyewe wakue kuwa wafanyakazi. Wakaenda kuandika watu Kasai, Lomami, hadi Rwanda na Burundi. Wakajenga nyumba, hospitali za uzazi, shule zilizoshikwa na wamisionari, vituo ambapo wamama walifundishwa kushona na kupika. Watoto wadogo walikuwa wanapimwa uzito na kupewa uji na maziwa. Posho ilihesabiwa kwa ukubwa wa jamaa: ukiwa na mke unapata zaidi, mtoto akizaliwa unapata zaidi.

Kwa hiyo maziwa ya mama yangu yalikuwa ya kweli. Sitaki kijana yeyote amcheke mzazi wake akisema wazee wanatunga. Hawatungi. Watoto wa kampi hawakufa ovyo, walisoma, walivaa. Lakini maziwa yale yalikuwa pia sehemu ya hesabu ya shaba. Mkubwa wa kampi, ambaye wazee walimwita changa-changa, alikuwa na haki ya kujua nani amelala kwenye nyumba yako. Chakula ulichopewa kilikuwa sehemu ya mshahara wako ambayo hukuishika mkononi. Wazee walikuwa na msemo: kazi njo baba, kazi njo mama. Mtoto mzuri hamuulizi baba yake amepata wapi unga.

Na wakati mwingine watoto waliuliza. Desemba 1941, vita vya dunia vimepandisha bei, mshahara umebaki pale pale, wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Mgomo ulikuwa Jadotville pia, Panda na Shituru. Elisabethville, tarehe 9 Desemba, watu walikusanyika kwenye uwanja wa mpira kungoja jibu, na askari wakapiga risasi. Watu wengi walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyekuwa anasema kwa niaba yao. Mama yangu alikulia Panda yote ile, akaenda shule, akapita mbele ya kiwanda mara elfu, na habari hii alisikia kwangu mimi, mwaka juzi, kando ya mbabula. Aliniangalia. "Nkambo hakutuambia," akasema. Nkambo alikuwa mtoto mdogo wakati ule, lakini nadhani alijua. Kampini kuna mambo ambayo hayakusemwa mbele ya watoto.

Nisiwafanye muamini kwamba Jadotville ilikuwa sireni na unga tu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi muziki, alimkuta barabarani Jadotville kijana wa Bunkeya anapiga gitaa kwa vidole. Alikuwa Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake *Masanga* ukatoka pale ukaenda duniani, na wapiga gitaa wa Kenya waliusikia na kumfuata yeye mwenyewe alipofika Nairobi. Nkambo alipenda kusema kwamba alimsikia kabla ya mzungu kumsikia. Labda kweli, labda hapana. Kila mzee wa Likasi anasema vile. Na Septemba 1961, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, askari wa Ireland wapatao 150 wa Umoja wa Mataifa walizingirwa pale Jadotville siku kadhaa hadi risasi na maji vikawaishia. Kuna filamu. Mjomba wangu anaijua vita ile kwa jambo moja tu: maganda ya risasi waliyookota watoto, na fimbo alizopigwa na nkambo kwa sababu ya maganda hayo.

Sasa nirudi kwenye unga, maana njo pale jembe linaingia.

Posho inataka mahindi mengi. Yalitoka wapi? Miaka ya kwanza, mengi yalikuja kwa treni kutoka Rhodesia, kwa reli ile ile iliyoleta mashine. Na kwa upande wa Kongo, serikali ya kikoloni ilitoa amri ya 1917 ya mashamba ya lazima. Mwanakijiji aliambiwa alime kiasi fulani, cha zao fulani, auze kwa bei iliyopangwa. Asipolima, faini ama jela. Pamba sehemu moja, mihogo na mahindi sehemu nyingine. Kwa hiyo angalieni picha yenyewe: mtu wa kijijini anashika jembe kwa sababu ya woga, na mtu wa kampini anakula unga bila kushika jembe. Yule wa kampini anavaa viatu, mtoto wake anajua kusoma. Yule wa kijijini analeta gunia, anasimama mlangoni, anaitwa majina.

Mtoto aliyekua kati ya hawa wawili hahitaji kufundishwa dharau. Anaiona kwa macho. Mama yangu hakuona ndani ya kampi mtu mmoja mzima anayeishi kwa kulima. Kulikuwa na bustani ndogo nyuma ya nyumba, mboga za lengalenga, bamia kidogo. Ilikuwa kazi ya wamama, ya kuongeza mboga tu. Chakula chenyewe, bukari yenyewe, ilitoka kwa kampuni. Kwake yeye mahindi hayaoti. Mahindi yanafika, kwa mfuko, siku yake.

Nilipoona hivi, hasira yangu ilipungua. Mama hakulia kwa sababu hapendi kilimo. Alilia kwa sababu aliona mtoto wake anarudi kwenye lile gunia mlangoni.

Kuhusu namna sherehe ilivyokwisha, nitasema kwa ufupi maana mnaiishi. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliichukua Union Minière, ikawa Gécamines. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, deni likapanda, lakini kampi ziliendelea kupumua. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines bado ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto, Kolwezi, ulibomoka. Pesa za kutengeneza mashine zilikuwa zimekwenda njia nyingine. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, uzalishaji haukufika ata tani 50,000. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa mwaka. Mwaka 2003, kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa ameshatoa kitabu 2001, jina lake *Bana Shaba abandonnés par leur père*. Watoto wa shaba waliotupwa na baba yao. Jina peke yake linatosha.

Mimi nilikua mu miaka ile. Kumbukumbu zangu za utoto ni watu wazima wanajifunza kulima wakiwa na miaka 50. Fundi wa umeme anapanda mahindi mwezi wa kwanza, mvua ilianza mwezi wa kumi na moja, amechelewa, anashangaa kwa nini mahindi ni mafupi. Karani anapanda mahali pale pale miaka sita, bila kupumzisha udongo, bila karanga wala maharage katikati, na udongo wetu huu ni mwekundu, mchungu, unachoka haraka. Wengine walilima karibu na viwanda, mahali ambapo mimi leo nisingekushauri upande ata kitunguu. Hakuna aliyewafundisha. Watu hao walijua kupima kiasi cha shaba kwenye jiwe, hawakujua kwamba mbegu ya mwaka uliopita inaweza kukudanganya.

Na mahindi? Yanatoka kusini, kama 1910. Malori ya unga yanapanga mstari Kasumbalesa. Zambia ikifunga mpaka, meka ya unga inapanda bei Likasi kabla ya jioni. Miaka ya mwisho ya 2000 gavana Moïse Katumbi aliziagiza kampuni za madini zilime kila moja hekta 500. Wengine walicheka. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nadhani hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mtu mkubwa anataja shamba bila kukunja uso.

Ningeweza kuishia hapa, na ingekuwa makala nzuri ya agronomu. Lakini kuna jambo katika Likasi ya mama ambalo halisemwi, na nikiliacha nitakuwa nimewadanganya.

Mama anapotaja watoto wa Panda, anataja wengi. Aliyekuwa anaruka kamba kuliko wote. Aliyeimba kanisani. Yule wa dawati moja naye, ambaye walibadilishana viatu siku ya komunyo ya kwanza kwa sababu viatu vya mmoja vilibana. Kwa miaka mingi sikugundua kwamba masimulizi yote ya rafiki yule yanakatika mahali pamoja. Viatu, shule, harusi ya dada, na baada ya hapo bule. Siku moja nikauliza, "Mama, ule rafiki yako eko wapi sasa?" Akanyanyuka kwenda kuangalia sufuria. Sufuria haikuwa na kitu.

Rafiki yule ni wa jamaa ya Kasai. Baba yake alizaliwa Jadotville, mtoto wa watu walioandikwa kazi na kampuni kule Kasai. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona Kasai.

Mwaka 1992, kule Kinshasa, mkutano mkuu wa taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Ilikuwa Agosti. Hapa kwetu kulikuwa na viongozi wa siasa waliokuwa wameshasema miezi mingi kwamba Wakasai wamechukua kazi na nyumba za wenye nchi. Kazi zilikuwa zinakwisha, kumbukeni, na mtu anayeona sahani inakauka anaanza kuhesabu waliokaa mezani. Wiki chache baadaye vijana walizunguka Likasi nyumba kwa nyumba. Watu walifukuzwa na mavazi waliyovaa. Maelfu kwa maelfu walijaa kwenye stesheni ya treni na kwenye mashule, wakalala chini miezi mingi wakingoja behewa. Kolwezi ilifuata 1993. Mu jimbo zima waliong'olewa walikuwa mamia ya maelfu, na wengi, hasa watoto wadogo, walikufa stesheni ama njiani kwa kipindupindu, surua na njaa. Watoto wale wale ambao wazazi wao walipimwa uzito kila wiki na kupewa uji.

Mama alikuwa na miaka 24. Aliniambia jioni ile, baada ya sufuria. Alikwenda stesheni mara moja, na unga ndani ya kitambaa. Alimwona rafiki yake kwa mbali, ameketi juu ya godoro lililokunjwa, ameshika mtoto. Hakumfikia. Sijui kama ni umati uliomzuia ama ni woga wa kuonekana, na yeye hakusema. Alirudi na unga.

"Na nyumba yao?" nikauliza.

"Bantu baliingia," akasema. Watu waliingia. Hakusema watu gani, na Panda si kubwa kiasi cha kutojua.

Mwaka 1965, Elisabethville, watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili chetu hiki, kikiwa na makosa yote mwalimu angeyapiga kalamu nyekundu. Aliyeandika ni André Yav. Mambo yao mengi si matamu ata kidogo. Nawataja kwa sababu watu hawakuwa na diploma na walithubutu kuandika yale ya uchungu pia. Sisi tuna diploma. Kumbukumbu tamu za wazazi wetu tunazirusha kwenye makundi ya simu kila Jumapili, na picha za zamani za avenyu zenye jakaranda, na watu mia wanaandika "aah, Likasi ya zamani". Sijaona ata mara moja mtu akiandika hapo chini: na jirani zetu je?

Mwezi wa tano mwaka huu, mpwa mmoja anayesoma Mbuji-Mayi alimpata rafiki yule. Haikuwa vigumu. Ilibidi tu mtu amtafute. Mama alishika simu yangu siku tatu bila kubonyeza kitu. Kisha akatuma sauti, dakika nne, nyingi ni kimya na kukohoa. Jibu lilikuja usiku. Kiswahili chake ni cha Likasi kabisa, hakijabadilika, na alicheka mara mbili. Hakuuliza habari ya nyumba. Aliuliza kama ule mwembe wa nyuma, alioupanda baba yake kwa kokwa, bado uko.

Mama akaniangalia mimi. "Weye njo mutu wa miti," akasema.

Nilikwenda Panda siku ya Jumamosi. Nyumba nilielekezwa: mstari wa pili, karibu na bomba. Imeongezwa ukuta na mabati mapya. Nilibisha hodi, akatoka mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia, nikasema mimi ni agronomu na ningependa kuona mwembe wake. Hakushangaa sana, watu wanadhani maagronomu ndivyo walivyo. Akanipitisha nyuma.

Uko. Ni mkubwa, shina halikumbatiwi na mtu mmoja. Upande wa mashariki una ugonjwa wa majani, ule ukungu mweusi unaofuata wadudu, si jambo la kuua mti. Upande mmoja walikuwa wameukata matawi ili kupitisha waya. Yule mama aliniambia unazaa sana, kila mwaka watoto wa mtaa wanaumia kwa kuanguka. Kisha akauliza, polepole, bila kuniangalia, "Ni nani alikutuma?"

Nikamwambia.

Akasimama kidogo. Akaingia ndani, nikadhani ndiyo kwisha, ananifukuza. Akarudi na mfuko wa plastiki na kisu cha jikoni. Mwezi wa tano hakuna maembe, ninyi mnajua. Alichimba pembeni mwa shina, mahali kokwa zinapoanguka na kuota zenyewe, akatoa miche miwili pamoja na udongo wake, akaifunga.

Mmoja niliuotesha hapa Kambove, karibu na mbabula ya mama, na kila asubuhi anauangalia kuliko anavyoangalia mahindi yangu. Wa pili uko kwenye mkebe, kivulini. Nimeuliza bei ya nauli hadi Mbuji-Mayi. Treni, wanasema, inachukua siku nyingi na haina ratiba ya kuaminika, na mche hauvumilii hivyo. Kama kuna mwana chama anayepanda barabara ya Mwene-Ditu kabla ya mvua kuanza, aniandikie.